Mtoto mwenye aleji anapokula nje ya nyumba

Watoto wetu hawali nyumbani tu. Wanakula shuleni, kwenye harusi na matanga, hotelini siku ya soko, na hata ndani ya matatu pale Gilgil ama Naivasha wachuuzi wakipitisha njugu dirishani. Kwa mtoto ambaye mwili wake unakataa chakula fulani, hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu aliyepika si mama yake na hajui habari zake.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Aleji, ama mzio kama vitabu visemavyo, ni kinga ya mwili kukikosea chakula na kukipiga kama adui. Kiasi kidogo chatosha, hata kile kilichobaki kwenye mwiko. Dalili huja upesi, mara nyingi kwa dakika chache ama ndani ya masaa mawili: mwasho, vipele vya kuvimba, midomo na macho kufura, kutapika, kukohoa na kukosa pumzi. Aleji inaweza kuua. Kutovumilia chakula ni kitu kingine. Kwa kawaida tumbo ndilo limeshindwa kusaga, mtoto anajaa gesi, anaumwa na kuendesha. Ni mateso, lakini hayamfungi pumzi.

Chukua maziwa. Watu wengi duniani wakikua hupoteza nguvu ya kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa. Wafugaji wengi wa pande zetu hawaipotezi. Mwaka wa 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, wakaonyesha kwamba tofauti hii iko ndani ya damu ya ukoo. Kwa hivyo usishangae mtoto wa jirani akimaliza kikombe kizima na wako analia tumbo. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi huweza mursik ama maziwa lala, kwa kuwa vijidudu vya kugandisha vimekula sehemu ya ile sukari.

Lakini sikieni vizuri, akina mama: mursik haimsaidii mtoto mwenye aleji ya maziwa. Kinachomdhuru ni protini, nayo iko palepale katika mursik, yogati na siagi. Hata maziwa ya mbuzi yanafanana sana na ya ng'ombe, na wengi wa watoto hawa huyakataa vilevile. Vikundi vinavyofuga mbuzi wa maziwa tunawaomba msiwape wazazi hao maziwa kama dawa.

Tena, mzazi asikate chakula kwa kukisia. Upele mwingi wa watoto ni upele wa kuambukizana, na tumbo linaweza kuwa ni minyoo. Mtoto akinyimwa mayai, maziwa na njugu kwa ajili ya maneno ya watu, atakonda bure. Mpeleke kliniki, ueleze alikula nini, baada ya muda gani akaonyesha dalili, na kama ilitokea zaidi ya mara moja.

Ukiingia hotelini

Hoteli zetu nyingi menyu ni ubao ukutani, nao haukuambii kilichomo. Ukimwuliza mhudumu, "Hii iko na mayai?" saa saba mchana watu wamejaa, atakujibu "haina shida" ili aende meza nyingine. Fika mapema kabla ya msongamano, uombe kuongea na mpishi mwenyewe, kisha uulize hivi: "Mmepika na nini?" Mwache ataje. Halafu uliza mafuta yalikaanga nini kabla ya hapo, maana karai moja hukaanga samaki, mayai na chipsi.

Chai yetu huchemshwa pamoja na maziwa, kwa hivyo agiza strungi, na uhakikishe imetoka kwa sufuria safi. Mandazi huweza kuwa na maziwa na mayai. Mboga za kienyeji kama managu na isagek mara nyingi hutiwa maziwa ama krimu, na wengine huponda mukimo kwa siagi. Asiyeweza ngano aache chapati, hata kama ngano yenyewe ni ya hapa Njoro na Mau Narok, ale ugali wa mahindi, viazi, nduma ama githeri. Ile unga ya uji ya kuchanganya, ambayo vikundi vingi vinauza, tunaiogopa zaidi: njugu, soya, omena, wimbi, pengine na ngano, vyote katika kikombe kimoja, na rangi haikuonyeshi chochote.

Chakula cha mambo machache ndicho salama. Nyama choma ya Kikopey na chumvi, pamoja na ugali, ni afadhali kuliko mchuzi wa viungo vya paketi. Lakini omba ubao na kisu vioshwe kwanza. Na usikubali kuambiwa "toa tu yai pembeni ule hiyo ingine." Yai likishagusa limegusa.

Kwa shosho ama kogo anayesema aonje kidogo tu, ni vigumu kukataa, tunajua, kwa sababu kukataa chakula cha mtu ni kama kumdharau. Ongea naye kabla ya siku ya sherehe, si mbele ya wageni. Mtoto anayekwenda na wengine abebe karatasi mfukoni: "Siwezi kula njugu hata kidogo. Nikivimba ama nikikosa pumzi nipelekwe hospitali mara moja." Nambari ya simu ya mzazi iwe chini yake.

Akizidiwa

Dawa inayookoa aleji kali ni adrenalini, sindano ya kwenye paja. Dawa za mwasho hazishiki nafasi yake. Mlaze mtoto na umwinue miguu; akishindwa kupumua akae, lakini asisimame wala kutembezwa. Usimtapishe, usimpe maziwa. Mkimbizeni kituo cha karibu kilicho na adrenalini. Ulizeni zahanati yenu leo kama wanayo, ama ni mpaka hospitali kubwa ya Nakuru. Hata akipata nafuu akae chini ya uangalizi, kwa sababu dalili huweza kurudi masaa kadhaa baadaye.

Vikundi vinavyopika

Vikundi vingi vyenu hukodisha sufuria na kupika kwenye harusi na harambee, kwa hivyo ninyi pia ni wenye hoteli. Uingereza ilikaza sheria ya kuandika viungo mwaka wa 2021, baada ya msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, kufa mwaka wa 2016 kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Mama mmoja ashike daftari la kilichoingia katika kila sufuria. Chakula cha mtoto mwenye aleji kipakuliwe kwanza, kabla miiko haijachanganyika, kifunikwe, na jina lake liandikwe juu. Njugu zipikwe mwisho, mbali na vingine, na aliyezimenya anawe mikono kwa sabuni. Maji peke yake hayatoshi.