Mpangilio wa Masharti katika Kitendakazi cha Kubaini Mwaka Mrefu

Kitendakazi ni sehemu ya programu ya kompyuta inayopokea thamani, kuifanyia kazi na kurudisha jibu. Kitendakazi cha kubaini mwaka mrefu, yaani mwaka wenye siku 366, hupokea namba ya mwaka na kurudisha jibu la kweli au si kweli. Makala haya yanafafanua namna ya kukiandika, na yanaonesha kwamba usahihi wake hutegemea mpangilio wa masharti, na kwamba kosa lake hubainika tu kwa miaka ya majaribio iliyoteuliwa vema.

Masharti hayo yanatokana na kalenda. Kalenda ya Juliasi iliongeza siku moja kila mwaka wa nne, hivyo wastani wa mwaka ukawa siku 365.25, ilhali mwaka wa jua una takribani siku 365.2422. Tofauti hiyo ililimbikizana kwa karne nyingi, hata mwaka 1582 Papa Gregori XIII akaagiza marekebisho: siku kumi zikarukwa, na tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na tarehe 15. Aidha, mwaka unaogawanyika kwa 100 hauwi mrefu tena isipokuwa unapogawanyika pia kwa 400. Kwa hiyo kila miaka 400 ina miaka mirefu 97 badala ya 100.

Kanuni hiyo huandikwa kwa hatua nne:

1. Ikiwa mwaka unagawanyika kwa 400 bila baki, rudisha KWELI.
2. La sivyo, ikiwa unagawanyika kwa 100 bila baki, rudisha SI KWELI.
3. La sivyo, ikiwa unagawanyika kwa 4 bila baki, rudisha KWELI.
4. La sivyo, rudisha SI KWELI.

Sharti finyu hutangulia sharti pana. Hatua ya tatu ikiwekwa mwanzoni, mwaka 1900 utapata jibu la KWELI kabla ya kufikia sharti la 100, kwa kuwa 1900 hugawanyika kwa 4.

Kosa hilo ni gumu kugundulika. Kuanzia mwaka 1901 hadi 2099, sharti la 4 pekee hutoa jibu sahihi kwa kila mwaka, ukiwemo 2000. Kinyume chake, anayefahamu sharti la 100 bila lile la 400 hukosea mwaka 2000. Hivyo, maarifa nusu huweza kukosea pale ambapo maarifa machache zaidi yanapatia.

Athari zake zinaonekana katika lahajedwali. Programu ya Lotus 1-2-3 iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu. Excel ikaifuata ili mafaili yaweze kusomeka kotekote. Mpaka leo, katika mfumo wa tarehe wa kawaida wa Excel, namba 60 huwakilisha tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo. Mtafiti anayekokotoa siku ya juma kwa nyaraka za Januari 1900 hupata jibu lililopotoka kwa siku moja.

Kwa hiyo, majaribio ya kitendakazi hiki hayana budi kujumuisha angalau miaka minne: 2000, 1900, 2024 na 2023. Kila mmoja hujaribu hatua yake, kwa mfuatano huohuo. Programu iliyojaribiwa kwa miaka ya karibuni pekee inaweza kuonekana sahihi hadi mwaka 2100.