Sikio Linapomdanganya Rubani: Mafunzo ya Ajali ya Ndege ya Iowa kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1959, muda mfupi kabla ya saa saba, ndege ndogo ya kukodi aina ya Beechcraft Bonanza iliruka kutoka uwanja wa Mason City, jimboni Iowa, nchini Marekani. Ilibeba rubani kijana wa miaka 21 na wanamuziki watatu: Buddy Holly aliyekuwa na miaka 22, Ritchie Valens miaka 17, na J. P. Richardson miaka 28. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka na upepo ulikuwa mkali. Mmiliki wa ndege, aliyebaki uwanjani, aliiona taa ya mkiani ikishuka polepole hadi ikatoweka. Aliita kwa redio, hakujibiwa. Asubuhi aliruka mwenyewe kuitafuta, akayaona mabaki katika shamba lililofunikwa na theluji, chini ya kilomita 10 kutoka uwanjani. Wote wanne walikuwa wamefariki dunia.

Wapenzi wa muziki huikumbuka ajali hii kwa sababu ya nyimbo za marehemu. Mimi ni daktari bingwa wa masikio, pua na koo, nami huwasimulia wanafunzi wangu kwa sababu nyingine: inaonyesha jinsi mwili wa binadamu unavyoweza kumpa mtu taarifa ya uongo, naye akaiamini kwa moyo wote.

Tuanze na hali ya abiria. Wanamuziki hao walikuwa katika ziara ya majira ya baridi, wakisafiri kwa mabasi mabovu ambayo vipasha joto vyake havikufanya kazi. Mpiga ngoma wao alikuwa amelazwa hospitalini kwa sababu miguu yake iliganda kwa baridi. Richardson alikuwa na homa ya mafua, akamwomba mwenzake, Waylon Jennings, amwachie kiti chake. Holly alikodi ndege ili wawahi kupumzika kabla ya onyesho lililofuata. Uchovu, baridi na ugonjwa vilikuwa vimeshawasukuma kuelekea uwanjani kabla ya mtu yeyote kutazama mawingu.

Rubani naye alikuwa na saa zipatazo 700 za kuruka, lakini hakuwa na idhini ya kuendesha ndege kwa kutegemea vyombo pekee. Mtihani wa idhini hiyo alikuwa ameushindwa mwaka uliotangulia. Kumbukumbu zake za afya zilionyesha pia upungufu wa kusikia katika sikio la kulia. Msomaji anaweza kukimbilia kulilaumu sikio hilo. Wachunguzi hawakulilaumu, nami sioni haja ya kufanya hivyo, kwa maana hata sikio zima kabisa lingeweza kumpoteza usiku ule.

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, iliyojaa majimaji. Kichwa kinapozunguka, majimaji hayo huchelewa kidogo nyuma ya mfereji, yakapinda vinyweleo vidogo sana, na neva ikaujulisha ubongo kwamba tunazunguka. Lakini mzunguko ukiendelea kwa mwendo uleule kwa sekunde 10 hadi 20 hivi, majimaji huufikia mwendo wa mfereji, vinyweleo hurudi mahali pake, na ubongo hupokea habari kwamba tumetulia. Mzunguko ulioanza polepole mno hautambuliwi kabisa. Rubani akiinyoosha ndege baada ya hapo, huhisi kwamba ameipinda upande wa pili. Akiifuata hisia hiyo, huirudisha ndege katika mzunguko uleule, nayo huzidi kushuka. Vilevile, sehemu ya sikio inayopima uvutano wa dunia haiwezi kutofautisha ndege inayoongeza kasi na ndege inayoinua pua. Mchana, macho huusahihisha upotofu huu kwa kutazama upeo. Gizani, juu ya mashamba yasiyo na taa, macho hayana la kusema.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapima wanafunzi 20 wa urubani wasiokuwa na ujuzi wa vyombo, wakiwaondolea uwezo wa kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, pungufu ya dakika tatu. Lengo la utafiti, hata hivyo, lilikuwa kuwafundisha kugeuza ndege taratibu na kurudi walikotoka, na baada ya mafunzo karibu wote waliweza.

Bodi iliyochunguza ajali ya Iowa ilihitimisha kwamba chanzo chake kilikuwa uamuzi wa rubani kuanza safari iliyohitaji ujuzi asiokuwa nao. Ilitaja pia mambo mawili ambayo kila muuguzi na daktari atayatambua. Kwanza, rubani aliuliza hali ya hewa zaidi ya mara moja, lakini hakuelezwa kuhusu tahadhari maalumu zilizokwisha kutolewa. Taarifa zilikuwapo, ila hazikumfikia aliyezihitaji. Ni kama mgonjwa anayebadilishiwa dawa usiku, na zamu ya asubuhi isiambiwe. Pili, kifaa kimojawapo kilionyesha kupanda na kushuka kwa pua ya ndege kinyume cha vifaa alivyovizoea. Huenda aliamini kwamba anapanda, kumbe anashuka. Sisi nasi hupokea mashine mpya wodini na kuzitumia siku hiyohiyo, bila mafunzo, kwa mgonjwa aliye mahututi.

Kwa wagonjwa wangu wa kizunguzungu nasema hivi: chumba hakizunguki, lakini hisia yako si ya kubuni, sikio au ubongo umetoa taarifa isiyo sahihi. Keti, kaza macho mahali pamoja, wala usiendeshe chombo cha moto. Kizunguzungu kikiambatana na uso kupinda, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili au kupoteza usikivu ghafla, nenda hospitali mara moja.

Kwa wahudumu wenzangu nina ungamo. Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali ya pembezoni, wakati wa masika, tulikuwa na mama aliyejifungua na kutokwa na damu nyingi. Ndege ndogo ya rufaa ilikuwa uwanjani, jua linakaribia kuzama, na wingu jeusi limefunika milima. Nilimshikilia rubani, mzee wa makamo, nikamwambia kwamba asiporuka mama atakufa mikononi mwake. Akanijibu kwa upole, "Dokta, nikiruka sasa, kesho watatafuta maiti wanne badala ya kumtibu mgonjwa mmoja." Nilimwona mwoga. Tukarudi wodini. Ndugu wawili walitoa damu, mkunga hakuondoka kitandani usiku kucha, na alfajiri, anga ilipokuwa nyeupe, wakaondoka.

Mama yule alipona. Hata kama asingepona, mzee yule angekuwa sahihi, na mimi ningekuwa nimekosea. Sikujua kwamba kwa kumlilia nilikuwa nimejiongeza katika vitu vinavyomsukuma rubani kuelekea gizani, kama baridi na homa vilivyowasukuma vijana wa Iowa.

Basi tunapoomba ndege ya rufaa, tumweleze rubani umbali, uzito na muda, kisha tumwachie uamuzi wa anga. Huku nyuma, tumwandae mgonjwa kana kwamba ndege haitakuja: damu, dripu, oksijeni, na mtu wa kukesha naye. Rubani akisema hapana, tumshukuru, turudi wodini tukafanye kazi yetu.