Fahamu: Kifaa kipya cha OpenAI kitakuwaje?

Mei 2025 OpenAI, waundaji wa ChatGPT, walitangaza kuinunua io, kampuni ya Jony Ive, kwa takriban dola bilioni 6.5. Ive ndiye aliyeongoza usanifu wa iPhone, kwa hiyo tetesi zikazagaa mara moja: je, anakuja kuizika simu aliyoisanifu mwenyewe?

Sidhani. Nyaraka zilizowasilishwa mahakamani mwaka huohuo zilieleza kwamba kifaa cha kwanza si cha kuvaliwa wala kuchomekwa sikioni. Wengi, nami nikiwamo, tunakisia kidude kidogo cha mfukoni au mezani, kinachosikiliza na kujibu kwa sauti.

Hapo ndipo penye kazi, maana jaribio kama hilo limewahi kushindwa. Humane, iliyoanzishwa na watu waliotoka Apple, iliuza kifaa cha kubandika kifuani kwa dola 699 mwaka 2024. Kilipata joto, kikajibu polepole, na Februari 2025 huduma yake ikazimwa. HP ikachukua sehemu kubwa ya mali za kampuni kwa dola milioni 116.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maikrofoni. Kifaa kinachosikiliza kutwa kitanasa pia maneno ya jirani, mgonjwa, mtoto: watu ambao hawakuombwa ridhaa.