Fahamu: Shahada ya uchumi Johannesburg inadai nini?

Kutoka mtaa wa Troyeville hadi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Braamfontein, ni kilomita chache tu. Kikwazo ni hisabati. Sekondari za Afrika Kusini zina hisabati kamili na hisabati ya matumizi ya kila siku. Hii ya pili, hata ukiipata kwa alama za juu, kwa kawaida haikufikishi kwenye uchumi. Uchaguzi hufanyika darasa la 10, mapema mno kwa maoni yangu, na mzazi mgeni asiyeujua mfumo huu hushtuka mwanawe akiwa tayari amemaliza shule.

Cheti chenyewe cha kumaliza sekondari lazima kiwe cha daraja la kuingilia shahada: angalau asilimia 50 katika masomo manne. Kisha kila chuo huweka alama zake, juu zaidi. Aliyesomea Kongo au Tanzania hukaguliwa vyeti vyake kwanza.

Shahada ni miaka 3, krediti zisizopungua 360: uchumi wa kaya na kampuni, uchumi wa taifa, takwimu, hisabati tena. Kenya huwa miaka 4. Hapa Afrika Kusini mwaka wa nne ni shahada nyingine, na huombwa upya.