Kumbukumbu Inayovuja: Kweli au Si Kweli?

Vituo kadhaa vya afya vya Kaunti ya Homa Bay hutunza rekodi za wagonjwa kwa KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS kwa lugha ya Java. Seva ya mfumo wa namna hiyo hukaa siku nyingi bila kuzimwa, na kosa dogo la kumbukumbu hupata muda wa kukua. Mwanafunzi wa kompyuta hapa, awe Chuo Kikuu cha Tom Mboya au saiba ya mtaani, anapaswa kujua mapema jinsi programu inavyovuja kumbukumbu.

“Kumbukumbu ikivuja, data hupotea.”
Si kweli. Kinachopotea ni nafasi ya RAM: programu imeiomba, imemaliza kuitumia, lakini haikuirudisha. Yaliyo kwenye diski hayaguswi, ingawa programu ikizimika ghafla, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea pamoja nayo.

“Uvujaji mdogo hauna neno.”
Si kweli. Haba na haba hujaza kibaba. Kilobaiti 1 kwa kila ombi, maombi 10 kwa sekunde, hufika megabaiti 844 kwa siku. Mnamo 4 Novemba 1992, mfumo wa kutuma ambulensi jijini London ulizimika kwa kosa hilo: kila gari lilipotumwa, kipande kidogo cha kumbukumbu kilibaki bila kurudishwa.

“Java na Python hazivuji.”
Si kweli. Zina kisafishaji chao cha kumbukumbu, lakini huondoa tu vitu visivyoshikiliwa tena na programu. Orodha inayoongezwa kila mara na kutopunguzwa kamwe itajaza RAM.

“Kuzima programu hurudisha nafasi.”
Kweli. Linux na Windows hutwaa yote. Ndiyo maana wengi huzima na kuwasha tena, na kosa likabaki palepale.

“Kujaribu kosa hili kutaharibu kompyuta.”
Si kweli. Hatari ni kukwama tu, kwa hiyo hifadhi kazi yako kwanza. Kwenye Linux, weka kikomo: `ulimit -v 500000`. Kisha, kwa C, omba megabaiti 1 kwa `malloc` ndani ya kitanzi, usubiri sekunde moja kila mzunguko. Jaza kila kipande kwa `memset`, kwani Linux haitoi RAM halisi mpaka uiandike. Fungua `top`: safu ya RES itapanda hadi programu ife. Ongeza `free` ndani ya kitanzi, na RES itatulia.

Fanya jaribio hili kabla hujaandika programu ambayo muuguzi ataitegemea. Huko kituoni, kosa hulipiwa na mgonjwa aliye kwenye foleni.