Barua ya kazi isomwapo na mashine

Hivi majuzi alinijia ofisini binti mmoja niliyemfundisha isimu miaka mitatu iliyopita. Mkononi alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala ya barua ya kuomba kazi, aliyoituma kwa njia ya intaneti mnamo saa saba za usiku, wakati ambapo, kwa maelezo yake, bei ya intaneti huwa nafuu. Ya pili ilikuwa jibu la kukataliwa, lililomfikia kabla ya dakika kumi kwisha. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliniuliza swali moja tu: "Daktari, ni nani aliyeisoma barua yangu saa saba za usiku?"

Nilinyamaza kwa muda, maana jibu nililikisia nalo halikunipendeza. Hakuna karani aliyekuwa macho saa hiyo. Yamkini barua ile ilisomwa na programu ya kompyuta, mojawapo ya zile ambazo waajiri wengi siku hizi huzitumia kuchuja maombi ya kazi. Utaratibu wake si mgumu kuelewa. Mwajiri hutaja sifa anazozihitaji, nayo programu huyapitia maombi yote, ikayatafuta maneno yanayolingana na sifa hizo, ikayatunuku alama na kuyapanga toka la juu hadi la chini. Waliopangwa chini huweza kuondolewa hata kabla jicho la binadamu halijawaona.

Nilipoisoma barua yenyewe niliona kasoro, na kasoro hiyo ilikuwa yangu mimi. Tangazo la kazi lilitaja uhariri. Binti alikuwa ameeleza, kwa Kiingereza cha kupendeza, jinsi alivyoondoa makosa na kunyoosha hoja katika miswada ya watu kwa miaka miwili, asilitaje neno lenyewe hata mara moja. Ndivyo nilivyomfundisha darasani: usiyarudie maneno ya swali, onyesha kwamba umelielewa.

Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916, alitufunza kwamba kila neno lina sura mbili: umbo tunalolisikia au kuliona, na dhana inayoandamana nalo akilini. Programu sahili ya kuchuja barua hushika umbo na kuiacha dhana. Mpya zaidi, hizi zinazojengwa kwa kile ambacho wengine wetu hukiita akili bandia, wengine akili unde na wengine akili mnemba, zinaweza kutambua maneno yenye maana zinazokaribiana. Hata hivyo, nazo hujifunza kutokana na maandishi ya kale ya wanadamu, na hapo ndipo penye hatari nyingine.

Nilianza kumwonea huruma binti yule, lakini akanikatiza kwa maneno ambayo sijayasahau. "Afadhali mashine, Daktari," alisema. "Mashine haiulizi jina la baba yangu wala haitaki kitu kidogo."

Sikuwa na jibu la haraka. Nani kati yetu asiyemjua kijana aliyekosa kazi kwa sababu ya jina lake, au mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe apate nafasi aliyostahili kuipata bure? Tukiilaani mashine tukamsifu karani wa zamani kana kwamba alikuwa malaika, tutakuwa tunajidanganya.

Tatizo ni kwamba mashine yenyewe ilisomea kwa karani huyo huyo. Mnamo 2018 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba kampuni ya Amazon, nchini Marekani, ilikuwa imeunda programu ya kupima maombi ya kazi kisha ikaitupa. Programu ile ilikuwa imefunzwa kwa maombi yaliyopokewa katika muda wa miaka kumi, mengi yakiwa ya wanaume. Ikajifunza kwamba mwanamume ndiye anayefaa, ikawa inaishushia alama barua yoyote iliyotaja jambo la wanawake, kwa mfano chama cha wanawake cha mchezo wa sataranji. Hakuna aliyeiamuru kufanya hivyo. Iliirithi tabia hiyo, kama mtoto anavyorithi lafudhi ya nyumbani. Mashine iliyofunzwa kwa kumbukumbu za ofisi yenye ukabila itajifunza ukabila bila ya kumwuliza mtu jina la baba yake. Huenda mtaa aliolelewa na shule aliyosomea vikatosha.

Msomaji asinidhanie kuwa adui wa mitambo. Shangazi yangu alikuwa mpiga chapa, na kompyuta ilipoingia ofisini mwao alijifunza upya akiwa na umri kama wangu wa sasa. Wenzake kadhaa hawakupewa fursa hiyo, wakarudi nyumbani. Wakati ule sisi wapenzi wa lugha tulikuwa tukibishana iwapo chombo kile kiitwe ngamizi, tarakilishi au kompyuta. Waliopoteza kazi hawakuwa na haja na ubishi wetu. Walimu nao wanayajua mabadiliko haya. Leo mwalimu huiona hati ya mshahara wake kwenye intaneti, na tangu 2016 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) imekuwa ikimtathmini kwa mfumo wa TPAD, unaojazwa kwa kompyuta au simu. Yapo manufaa, na upo pia mzigo wa kazi za kujaza ambao kila mwalimu anaujua.

Isitoshe, mashine hizi zina jasho la Wakenya ndani yake. Mnamo Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi jijini Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya kutisha, kusudi programu ya ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. Idara iliyokuwa ikiitwa ya wafanyakazi sasa huitwa ya rasilimali watu. Neno hilo halijawahi kunikaa vizuri, kwa kuwa linamweka mtu safu moja na mbao na mafuta.

Je, tufanye nini? Kwanza, tuijue sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomwathiri pakubwa. Zipo hali zinazoruhusiwa, mathalani mtu anapokuwa ameridhia, na wengi wetu hubonyeza kuridhia bila ya kusoma. Hata hivyo, uamuzi wa namna hiyo ukishafanywa, mhusika anapaswa kujulishwa kwa maandishi, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya. Ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa mwisho wanaolijua hili?

Pili, sisi walimu tuwafunze vijana kuandika kwa wasomaji wawili: mashine inayotafuta neno la tangazo, na mtu anayetafuta akili nyuma ya neno hilo. Nakiri kwamba ushauri huu unaniuma. Siku ile niliketi na binti yule tukaiandika barua yake upya, tukayapachika maneno ya tangazo mahali pake, na kila tulipofanya hivyo sentensi ilipoteza kidogo ladha yake. Lakini mtoto wa watu hawezi kukaa na njaa ili mimi nihifadhi mtindo.

Kisha tukaandika barua ya pili, fupi, ya kuiuliza ofisi ile kama uamuzi ulifanywa na mashine peke yake, na kama ndivyo, ombi lake lisomwe na mtu. Binti alitia sahihi, akaituma mchana, saa za kazi. Leo ni siku ya kumi na mbili, na safari hii jibu halijafika. Bado tunangoja, naye kila asubuhi hunipigia simu kuniuliza kama ni dalili njema au mbaya. Namwambia kwamba huenda, hatimaye, kuna mtu anayeisoma.