Vitu Vinavyoondolewa Garini Pasipo Kutangazwa

Mtu akiinua zulia la buti la mojawapo ya yale magari madogo ya Kijapani yanayoshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, aghalabu atalikuta lile shimo la mviringo lililofinyangwa kwa ajili ya tairi la akiba. Lakini ndani yake, badala ya tairi, atakuta sponji nyeusi iliyokatwa kwa umbo la vitu viwili, yaani kompresa ndogo ya umeme na chupa ya utomvu wa kuzibia pancha. Jeki haipo. Spana ya magurudumu haipo. Muuzaji hakuficha neno, kwa kuwa hakuulizwa; wala kiwanda hakikusema uongo, maana kitabu cha gari kinaieleza chupa hiyo kwa michoro mizuri; ila si katika tangazo wala katika karatasi ya bei palipoandikwa kwamba kitu kilichokuwamo zamani sasa kimetolewa.

Desturi hii ina umri wake. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipoyachunguza magari mapya ya mwaka 2015, kiliona kwamba asilimia 36 ya modeli ziliuzwa bila ya tairi la akiba, ilhali katika zile za mwaka 2006 zilikuwa asilimia 5 tu. Sababu inayotajwa ni uzito. Idara ya Nishati ya nchi hiyo hukadiria kwamba gari likipunguziwa asilimia 10 ya uzito wake, ufanisi wake wa mafuta huongezeka kwa asilimia 6 hadi 8. Na kwa kuwa tairi jembamba la akiba pamoja na ringi na jeki yake ni kama kilo 14, ambazo kwa gari la kilo 1,400 ni asilimia moja barabara, basi faida yake haifiki hata asilimia moja ya mafuta. Mwenye gari hawezi kuiona faida hiyo kwenye kituo cha petroli, hata angekuwa bahili wa kuandika kila lita.

Lakini hesabu ya kiwanda si hesabu ya mwenye gari. Kwa miaka ya 2020 hadi 2024 Umoja wa Ulaya uliweka mpaka wa wastani wa gramu 95 za hewa ya kaboni kwa kila kilomita, na kampuni iliyouvuka ilitozwa euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, ikizidishwa kwa idadi ya magari yote iliyoyauza katika mwaka. Sasa chukua kampuni iliyokwisha kuuvuka mpaka huo, kisha uiondolee nusu gramu kwa njia ya tairi hilo: kila gari limeokoa euro 47 na ushei, na ikiwa magari ni milioni moja, basi zimeokolewa zaidi ya euro milioni 47, mbali na bei ya matairi yenyewe ambayo hayakununuliwa. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwa nini mhandisi mwenye akili timamu hukaa mezani na kugombania kilo moja.

Chupa yenyewe ni tadbiri nzuri ya kemia kwa kazi iliyokusudiwa. Ndani yake mna chembechembe za mpira zilizoelea katika kimiminika. Kompresa huzisukuma ndani ya tairi pamoja na hewa, na hewa inapokimbilia kwenye tundu, chembe husongamana pale, hukamatana na kuwa kizibo. Msumari uliotoboa uso wa tairi, unaokanyaga barabara, huzibika. Ubavu wa tairi uliopasuliwa na ukingo wa lami iliyomeguka hauzibiki abadan. Tena chembe hizo haziwezi kungoja milele: AAA ilieleza kwamba chupa za namna hiyo hudumu baina ya miaka 4 na 8. Kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lisilozidi umri wa miaka 8, na watu wengi, kwa sababu ya bei, huagiza yaliyoukaribia mpaka huo, gari hufika Mombasa likiwa na msaada uliokwisha muda wake, au utakaokwisha kabla ya pancha ya kwanza.

Si kila kilichoondolewa ni cha kuliliwa. Kibweta cha majivu ya sigara kimekwenda zake, na kiberiti chenyewe kikakifuata kikaacha tundu lake tu, ambamo leo tunachomeka chaja ya simu. Mahali pa kutia sahani za muziki napo pamezibwa. Sina huzuni navyo.

Katika miaka ya 2021 na 2022 uhaba wa chipu uliwalazimisha wenye viwanda kufanya kwa haraka na mbele ya watu yale waliyozoea kuyafanya polepole. Walikuwa wamefuta maagizo yao ulipoingia ugonjwa wa korona. Watengenezaji wa chipu wakawageukia wateja wa kompyuta na vyombo vya nyumbani. Na Machi 2021 kiwanda cha Renesas kilichoko Naka, Japani, kikashika moto. General Motors ikatoa baadhi ya pikapu zisizo na mfumo wa kupumzisha silinda kadhaa ili kubana mafuta. BMW ikauza magari ambayo skrini zake hazisikii kidole. Toyota, Oktoba 2022, ilitangaza kwamba wanunuzi wa Japani watapewa ufunguo mmoja wa kielektroniki na wa pili wa chuma, hadi chipu zitakapopatikana. Na huo naona ni ungwana, kwa sababu aliyepunguziwa aliambiwa. Lakini kwa mujibu wa taarifa ya CNBC ya Februari 2022, Tesla iliondoa kimoja kati ya vidhibiti viwili vya kielektroniki katika usukani wa baadhi ya magari yaliyoundwa Shanghai, kwa hoja kwamba hicho cha pili kilikuwa cha akiba, wala wanunuzi hawakuarifiwa. Nacho cha akiba, kama lilivyo tairi la akiba, huonekana hakina kazi mpaka kile cha kwanza kitakaposhindwa.

Kundi linalonishughulisha zaidi ni la vile vipuri ambavyo havikulisogeza gari hata hatua moja, bali vilimwezesha mwenye gari kujua hali yake pasipo kuomba ruhusa ya mtu. Mathalani kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Hoja ya wahandisi waliokiondoa haifai kudharauliwa: oili hutanuka kwa joto, hata lita 8 zilizokuwa katika nyuzi 20 za sentigredi zikifika nyuzi 90 huwa zimeongezeka kwa karibu lita 0.4, hivi kwamba anayekichomoa kijiti alfajiri na anayekichomoa baada ya safari husoma habari mbili mbalimbali za oili ile ile. Na wengi waliosoma vibaya walijaza kupita kiasi, au walimimina oili isiyokuwa yake. Kwa giaboksi nyingi za sasa inatakiwa gari liinuliwe likiwa sawasawa, injini ikiwa inanguruma, oili ingojewe hadi ifikie joto lililowekwa na kiwanda, mathalani kati ya nyuzi 35 na 45, ndipo fundi afungue nati ya chini aiache iliyozidi imwagike mpaka itoke tone kwa tone. Kipimo hiki ni sahihi kuliko kile cha kijiti, jambo lisilo na ubishi. Ila kinataka lifti na mashine ya kusoma joto, na fundi wa chini ya mwembe hana ya kwanza wala ya pili, kwa hiyo hukisia, au husema oili ya namna hiyo haiguswi.

Na usemi huo hakuubuni yeye. BMW iliwahi kuwaambia wanunuzi wake kwamba oili ya giaboksi hudumu maisha yote ya gari, ilhali ZF, kampuni ya Kijerumani inayounda nyingi katika giaboksi hizo, hupendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Mtumiaji wa kwanza, aliyelikodi kwa miaka mitatu kisha akalirudisha, hana hasara katika hitilafu hiyo ya kauli. Hasara humngoja wa tatu.

Geji ya joto la maji ya injini ina kisa kirefu zaidi. Zamani mshale wake ulipanda na kushuka kwa kuifuata sensa, na dereva aliyezoea gari lake alijua mshale unapaswa kukaa wapi akiwa tambarare na wapi akiwa mlimani. Baadaye madereva wengine wakaingiwa na hofu kila uliposogea, wakawa wanayarudisha magari mazima kwa wakala. Basi watengenezaji wakaupanga mshale ukae katikati bila kutikisika tangu karibu nyuzi 80 hadi zaidi ya 100, uanze kupanda hatari ikiwa imekaribia. Mshale usiosema kitu ni rahisi kuufukuza, na hatimaye ukafukuzwa. Katika Vitz, Fit na Demio nyingi zimebaki taa mbili: ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikiwa imezidi moto. Baina ya mbili hizo, dashibodi hunyamaza.

Katika barabara za Japani, kwa gari jipya lenye kulenti halisi na kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo, ukimya huo una haki yake, kwa sababu maji yaliyochanganywa dawa na kufungiwa chini ya shinikizo hayachemki mpaka yavuke mbali sana nyuzi 100. Sasa lihamishie gari hilo Kitonga, katika njia ya kupanda Iringa, likiwa na umri wa miaka 12, limejazwa maji ya bomba, kifuniko kimechoka, na thamostati imeng'olewa na fundi aliyeamini kwamba injini isiyo na thamostati haichemshi. Maji matupu huchemka mapema, yakichemka hutoka, na yakishatoka, sensa hubaki katika mvuke au hewa tupu, isipate tena joto sahihi la kuripoti. Taa nyekundu huweza kuchelewa, au isiwake kamwe, ilhali kichwa cha injini, ambacho ni cha aluminiamu inayotanuka upesi kuliko chuma, kimekwisha pinda na gasketi yake imeungua.

Lakini joto hilo linajulikana ndani ya gari muda wote. Kompyuta ya injini huisoma sensa bila kukoma, kwani bila ya habari hiyo haiwezi kupima sawasawa petroli ya kunyunyiza. Na magari yanayofuata mfumo wa OBD-II, ambao Marekani iliulazimisha kwa kila gari jipya la abiria tangu mwaka 1996, hutoa habari hiyo kwa yeyote aiulizaye katika plagi iliyo chini ya usukani. Swali lake ni namba 05. Jibu huja kama namba moja, nayo ukiitoa 40 unapata nyuzi za sentigredi: 130 ni nyuzi 90, na 145 ni nyuzi 105. Kifaa kidogo cha bluetooth, kinachouzwa kwa bei isiyofika ya tairi moja, hufanya hesabu hiyo na kuionyesha katika simu iliyobandikwa kwenye dashibodi. Gari likiwa linapanda mlima, na namba ikapita 105 bila kuonyesha dalili ya kurudi, mwenye gari azime kiyoyozi, afungue hita hadi mwisho ingawa nje ni jua kali, atafute pa kusimama, wala asikiguse kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe. Namba ikishuka ghafla ilhali mlima ungaliko, asifurahi. Maji yamekwisha, azime injini papo hapo.